Shati Lenye Mabega Yangu

Ukitaka kuona nguo za dunia nzima bila pasi ya kusafiria, njoo Tunduma. Upande wetu tunaziita mitumba. Ukivuka mpaka ukaingia Nakonde, Zambia, nguo zilezile zinaitwa salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kuchakura lundo. Naam, vijana wa mpakani kuchakura tunakujua! Unainama, unapangua, unabana bei, unaibuka na fulana ya timu ya shule fulani ya Marekani ambayo hutaiona maisha yako yote.

Siibezi mitumba. Ndiyo iliyonivisha nikiwa mwanafunzi. Mwaka 2016, mwaka uleule mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikaja juu. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru kule. Sisi wengine tukaendelea kuchakura.

Lakini kila shati la mtumba lilikatwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine. Nami bega langu la kushoto liko chini ya la kulia, vidole viwili hivi, tangu nilipovunjika mtulinga utotoni. Kila nilichovaa kilikwenda upande. Washikaji wakanibatiza “Mizani”. Nilicheka nao, ila nilizoea kutembea na mfuko begani, hata kama hauna kitu ndani, ili kola isinisaliti.

Kushona nilifundishwa na mama nikiwa na miaka kumi, kwenye cherehani yake ya mkono. Nilipoingia sekondari nikaacha; mtumba ulikuwa rahisi, tena una majina ya nje. Mwaka jana macho ya mama yalianza kumsumbua, cherehani ikabaki inakusanya vumbi. Iliniuma. Nikanunua kitenge yadi tatu, nikamwomba anipime.

Alipofika mabegani hakusema neno. Akapima la kulia, akaniambia niandike. Akapima la kushoto, niandike. Namba mbili tofauti, kama vile ndivyo watu wote walivyo. Kisha akanikataza kukunja kitambaa na kukata pande zote mbili kwa mpigo, kama wengi wafanyavyo. “Kila bega lina chaki yake, mwanangu.”

Kola ilinichukua jioni mbili. Lakini we acha tu! Ile raha ya kusikia cherehani imekolea, uzi unatii, upindo unalala pale ulipoulaza, nilikuwa nimeisahau kabisa. Jumapili nikalivaa. Limekaa sawa kulia, limekaa sawa kushoto.

Sitawadanganya: kwa pesa ya kitambaa, uzi na vifungo ningepata mashati matatu ya mtumba, na chenji ya chipsi juu. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ningetoka nalo barabarani bila mfuko.

Basi, kama kwenu kuna cherehani iliyogeuzwa meza ya kuwekea redio, ifunue. Itie mafuta, tafuta uzi. Anza na foronya. Mto hauna mabega ya kukusumbua.