Nilimlinda mtoto na mbege, nikaisahau chupa ya baba mdogo

Krismasi iliyopita nilipanda Uru nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mwaka uliotangulia bibi alimnywesha binti yangu funda moja la mbege kutoka kwenye kata, "aonje tu, asije akawa mgeni kwao." Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya. Nilinuna njia nzima ya kurudi Moshi mjini.

Safari hii nilianza mapema. Nikawaambia shangazi zangu kwamba ini la mtoto wa miaka mitatu halimudu pombe, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilishasema Januari 2023 kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, hata kwa sisi wakubwa. Walinisikiliza kwa adabu. Bibi hakujibu kitu, aliendelea kuchuja.

Kwa msomaji asiye wa huku: mbege haitaki haraka, lakini pia haingoji. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni ulezi huloweshwa mpaka uote, ukaanikwa, ukasagwa, na unga wa kimea hicho ukapikwa uji. Uji ukipoa unachanganywa na nyalu iliyochujwa, pamoja na maji ya magome ya msesewe yanayoleta ule uchungu. Kesho yake watu wanakunywa. Ukiiweka siku chache zaidi, inakuwa kali na chachu, hakuna mzee atakayeigusa.

Mchana akafika baba mdogo kutoka Dar es Salaam. Alishuka na sanduku la mbao kama la saa ya ukutani. Ndani yake mlikuwa na chupa ya wiski ya Uskoti iliyokaa miaka 25 kwenye pipa. Mimi nina 28. Kila mtu aliishika kwa mikono miwili.

Baba mdogo akatufundisha. Na hii nayo ni kimea, ila cha shayiri, na yote imetoka kiwanda kimoja bila kuchanganywa na ya kwingine. Kimea kikishachachuka, hicho kinywaji hupashwa moto kwenye mtungi mkubwa wa shaba, mvuke ukapoozwa, yakadondoka maji makali. ("Kama gongo," babu akasema. Baba mdogo hakupenda.) Kisha hulala kwenye mapipa ya mti wa mwaloni. Sheria yao inataka isipungue miaka 3, na kila mwaka karibu asilimia 2 ya pipa hupotea hewani; wenyewe husema ni fungu la malaika. Ndiyo maana ya miaka 25 ni chache na bei yake haitamkiki mbele ya wazee. Akatusimulia pia kwamba Glenfiddich walidondosha wiski yao ya kwanza siku ya Krismasi ya 1887, utadhani alikuwepo, na chupa yenyewe haikuwa hata ya kiwanda hicho.

Babu akamiminiwa, akaonja, akashukuru, akaweka glasi chini karibu na mguu wa kiti, akarudi kwenye kata yake. Mimi nilikuwa naitazama hiyo kata. Kila ilipopita karibu na mtoto, nilimvuta.

Sikuiona glasi ikiinuliwa. Niliiona ikiwa tupu mkononi mwa binti yangu, naye amekunja uso, anakohoa. Rangi yake ni ya juisi ya tufaha, na mtoto angejuaje? Shangazi mmoja akasema apewe maziwa alale, itamtoka. Baada ya nusu saa alikuwa analegea kweli, shingo haikai, na nilipomwita alinitazama kama mtu wa mbali.

Baba mdogo ndiye aliyeendesha gari, na ni yeye aliyekumbuka kubeba chupa. Kwenye kituo cha afya muuguzi hakunigombeza. Aliuliza: "Mama, amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi?" Akasoma chupa: asilimia 43. Akauliza kama tulimtapisha. Hatukumtapisha, na akasema afadhali, mtoto aliyelegea akitapishwa matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kisha akamtoboa kidole kupima sukari. Ilikuwa chini.

Hili nililijua kwa kalamu tu. Pombe hulizuia ini lisitengeneze sukari, na mtoto mdogo akiba yake ni ndogo, tena mwanangu siku hiyo alikuwa akicheza tu, chakula hakukigusa. Anaweza kupata degedege, au kuzimia, huku wazazi wakisema amelala. Aliwekewa dripu ya sukari na tukabaki mpaka asubuhi, kwa sababu sukari huweza kushuka tena saa kadhaa baadaye hata mtoto akionekana amechangamka. Kila walipompima nilishika pumzi.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye simu. Kama glasi ilibaki na mililita 30, ilibeba karibu mililita 13 za pombe tupu. Mbege haina kipimo kimoja, lakini tukisema ni asilimia 4, ingebidi anywe zaidi ya mililita 320 kufikia hapo. Bado siitaki mbege mdomoni mwa mtoto, na bibi anajua. Ila nilikuwa nimekaa siku nzima nalinda kata ya bibi, na kitu chenye nguvu mara kumi nikakiacha sakafuni kwa sababu kilikuja kwenye sanduku zuri na kila mtu alikiheshimu.

Alfajiri baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, chupa iko mapajani. Hakusema mengi. Aliniambia, "Mwanangu, nisamehe," nami nikamwambia glasi hakuiweka yeye chini, na mtoto ni wangu.

Chupa sasa iko kwenye sanduku la vitenge la bibi, chini ya kufuli. Baba mdogo hupiga simu kuiulizia, na babu humjibu kwamba haiendi popote wala haizeeki, maana wiski ikishatoka kwenye pipa umri wake umesimama.

Pasaka tulipanda tena. Bibi alikuwa anapika mbege, na kabla hajamwaga uji wa ulezi kwenye nyalu, alichota kikombe kimoja, akatia sukari, akampa mjukuu wake. Kisha akanitazama.