Maelekezo Yakidanganya, Anayeumia ni Mgeni

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu zilikuwa nyingi, karo ikiwemo, lakini kuna siku moja ya maabara sijaisahau. Tulipewa karatasi ya maelekezo. Nikaandika amri moja baada ya nyingine, ya nne ikakataa. Nilirudia mpaka jioni nikiamini mimi ndiye mjinga. Kumbe karatasi ilikuwa ya toleo la zamani la programu.

Sasa skiza nilichofanya mwaka jana. Nilikuwa na kaprogramu ka Python ka kupanga video zangu, nikakaweka GitHub pamoja na maelekezo. Dada mmoja akaniandikia saa nane usiku: "Samahani kaka, nadhani ni mimi sielewi." Nilikuwa nimebadilisha jina la fanksheni miezi miwili nyuma, mfano kwenye maelekezo nikauacha vile vile. Aki niliona aibu. Nimemfanyia mtu kile kile nilichofanyiwa.

Tangu hapo siamini kumbukumbu yangu. Maelekezo yanakaa pamoja na kodi. Kila nikipandisha mabadiliko, GitHub Actions inawasha mashine mpya, inasakinisha vitu kutoka mwanzo, halafu Sphinx inajenga kurasa zote. Nimeweka alama ya -W, ambayo inageuza onyo lolote kuwa kosa: ukurasa mmoja ukileta onyo hata moja, kazi inakataa kupita. Linkcheck inabisha hodi kwa kila linki ya nje. Doctest inaendesha mifano yenyewe na kulinganisha majibu na yale niliyoandika. Nikisahau tena, naona nyekundu mimi, si mgeni.

Na usiniambie hiyo ni kazi ya kampuni kubwa. Mradi ukiwa wazi kwa umma, mashine za kawaida za GitHub Actions hulipii hata bob.

Lakini kijani pia hudanganya. Linkcheck inajua ukurasa umefunguka, haijui kama unaeleweka. Ndio maana yule dada husoma kurasa mpya kabla sijazitoa. Akikwama, simuulizi amekosea wapi. Narudi kuangalia nimeandika nini.

Na wewe, mara ya mwisho kufuata maelekezo yako mwenyewe, kutoka mstari wa kwanza, ilikuwa lini?