Jina la langoni ni la nani?

Hapa Bukavu, mwenye kiwanja kimoja kando ya ziwa Kivu aliniomba ushauri. Anataka kujenga hoteli pamoja na nyumba za kupangisha, na anatafuta jina na alama ya kuweka langoni. Wageni wake watasema Kifaransa na Kiingereza. Wafanyakazi na majirani wanasema Kiswahili na Mashi.

Nilimkumbusha historia yetu. Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville, kwa jina la afisa wao, mpaka miaka ya 1950. Leo nani analitaja? Limebaki Bukavu, jina ambalo wazee wanasema linatoka kwa ng'ombe wa Bashi. Lakini hata sambaza ni mgeni: aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1950. Amekuwa wetu kwa sababu analisha watu wengi, kuanzia mvuvi hadi mama muuzaji wa soko la Kadutu.

Kwa hiyo sikumkataza Kifaransa. Nilimwambia "Asinge" na "Karibu" viandikwe kwa herufi kubwa sawa na "Bienvenue", na njia ya wavuvi kwenda ziwani isifungwe. Jina zuri juu ya njia iliyofungwa ni uongo.

Ninyi mliokimbia vita mnaelewa: aliyepoteza nyumba husoma kila lango akitazama kama naye amekaribishwa. Kuhusu maandishi, amekubali. Kuhusu njia, bado ninangoja jibu.