Swali la Binti Yetu Pale Kalenga

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli wanavuka Yordani na kubeba mawe 12 kutoka katikati ya mto. Mawe hayo hayakuwa ya kujengea nyumba. Yaliwekwa ili siku moja watoto waulize habari zake, na wazazi wawe na la kuwajibu. Tumelihubiri fungu hilo mara nyingi mimbarani. Katika likizo ya Juni lilitukuta sisi wenyewe safarini, na kwa muda tulikosa la kujibu.

Safari yenyewe ilikuwa fupi, siku nne tu, kutoka Morogoro hadi Iringa na kurudi. Ndani ya gari tulikuwa wanne: baba, mama, binti yetu wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 9. Watoto walijua tunakwenda kupunga upepo wa nyanda za juu. Sisi wazazi tulikuwa na sababu nyingine. Binti yetu yuko mwaka wa pili wa mafundisho ya kipaimara, na wiki mbili kabla ya likizo alituambia, kwa adabu na bila kulia, kwamba hana hakika kama atasimama mbele ya madhabahu mwezi Desemba. Shuleni walikuwa wamesoma historia ya ukoloni. "Kanisa letu lilikuja na watu walewale," alisema.

Mtoto wa mchungaji akisema hivyo, nyumba nzima inakosa usingizi. Kwanza tuliogopa washarika watasemaje. Baadaye tukaona aibu kwamba tulianza kwa kuwaogopa watu.

Siku ya Ijumaa tulivuka Mikumi mapema, mdogo akihesabu twiga. Ruaha Mbuyuni tulisimama chini ya mibuyu, tukanunua vitunguu. Mlima Kitonga ndio uliotushinda. Gari letu la zamani lilichemka katikati ya kona, malori yakitupita polepole yakiunguruma. Utingo wa lori moja akaruka chini na dumu la maji, akatuonya tusifungue rejeta kabla haijapoa, kisha akalikimbilia lori lake bila hata kutuambia jina. Tulipofika juu, hewa ilikuwa nyingine. Mama akatoa masweta. Mabonde yalikuwa chini yetu, ya buluu, na kwa dakika chache hakuna aliyekuwa na neno.

Kabla ya kufika mjini tulisimama Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, mashujaa wa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa. Pana mnara ambao Wajerumani waliujenga kuwakumbuka watu wao. Tuliwaambia watoto kwamba wengi walioanguka siku ile, hata upande wa Wajerumani, walikuwa Waafrika. Binti yetu aliuzunguka mnara mara mbili, akarudi garini kimya.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Isimila, kwenye korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Chini yake zimelala zana za mawe za watu walioishi hapo zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Mdogo alifurahi sana, akataka kujua jina la aliyechonga jiwe lile kubwa kama kiganja. Tukamwambia jina lake analijua Mungu peke yake. Jibu hilo lilikuwa rahisi, na lilitutosha hadi mchana.

Mchana tukaenda Kalenga, kilipokuwa kikuu cha Mkwawa. Mzee mmoja wa kijiji alitupokea kwa "Kamwene", nasi tukaitikia kama tulivyofundishwa asubuhi ile hotelini. Ngome ya mawe ilianguka hapo tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa alitoroka na kuendelea kupigana porini karibu miaka minne. Mwezi Julai 1898, alipokwisha kuzingirwa, alijiua asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi 6. Lilirudi mwaka 1954. Gavana Edward Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu zake Mkwawa.

Sasa liko pale, ndani ya kioo. Ni dogo kuliko tulivyodhani.

"Mwili wake uko wapi?" mdogo akauliza.

"Mlambalasi," tulimjibu. "Alizikwa huko."

Dada yake hakuwa akitazama fuvu. Alikuwa akitutazama sisi. "Baba," akasema, "kichwa cha mtu kilipokuwa kinapelekwa Ujerumani, wamishonari wetu walikuwa wapi? Walisema nini?"

Tuliwahi kufanya mtihani wa historia ya kanisa katika chuo cha theolojia, tukafaulu. Tulijua miaka, vituo na majina ya jumuiya za kimisioni. Lakini swali lile hatukuwahi kujiuliza. Tukasema, "Tutoke nje kwanza." Huko nje pia tulinyamaza.

Usiku, mdogo alipolala, tulikaa watatu na chai ya tangawizi, baridi ya Iringa ikipita chini ya mlango. Tulikuwa tumeamua jambo moja: kutolitetea kanisa kwa uongo. Tukamwambia ndiyo. Wamishonari wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, mwaka uleule wa Lugalo. Walitegemea ulinzi wa serikali ileile iliyokuwa ikipigana na Mkwawa. Tukilificha hilo, tunamfanya Kristo aonekane kama anahitaji kufichiwa kitu.

Kisha tukamwambia la pili. Wajerumani nao hawakuzaliwa na Injili. Karne ya nane, Karl Mkuu, mfalme wa Wafranki, aliwapiga vita Wasaksoni zaidi ya miaka 30, na ubatizo ukafanywa sharti la amani. Wale waliobatizwa chini ya upanga wangeweza kumtupa Kristo pamoja na upanga. Lakini wajukuu zao walimkuta Kristo mwenyewe, wakajua kumtofautisha na upanga. Karne saba baada ya vita vile, Ujerumani ilimzaa Luther. Na huku kwetu, waliolibeba Neno kwa miguu kijiji hadi kijiji, wakilihubiri kwa lugha za mama zao, wengi wao walikuwa wainjilisti Waafrika. Kipaimara si kiapo cha kuitii Berlin. Ni kuuthibitisha ubatizo wako mbele ya Yeye ambaye pia alihukumiwa na gavana wa dola ya kigeni.

Alisikiliza hadi mwisho. Tulidhani tumejibu vizuri. Ndipo akauliza, bila ukali, "Kama mnayajua hayo, kwa nini hamyasemi kanisani?"

Chai ilipoa. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na wakoloni wa nchi yake. Mkuu wa nchi ameweza kulisema. Sisi, ambao kila Jumapili tunawaongoza watu katika maungamo ya dhambi, tulikuwa tunasubiri nani atutangulie?

Jumapili tulisali katika usharika mmoja mjini Iringa. Tukaimba wimbo wenye sauti ya Kijerumani kutoka Mwimbieni Bwana, halafu kwaya ya akina mama ikasimama na kuimba kwa Kihehe, na kanisa zima likatikisika. Binti yetu aliimba wa kwanza nusu nusu. Wa pili hakuujua maneno, lakini alipiga makofi hadi mwisho. Hatukumuuliza kitu.

Jumatatu tulirudi. Kitonga tuliteremka kwa gia ndogo, tukimtafuta yule utingo kwa macho ili tumshukuru. Hatukumwona.

Jumapili iliyofuata, katika usharika wetu, tuliweka jambo moja katika sala ya kanisa zima. Tuliwaombea waliokufa Lugalo, pande zote mbili, na wote ambao mifupa yao ilichukuliwa mbali na makaburi ya baba zao. Tukaungama kwamba kanisa letu lilifaidika na ulinzi wa bunduki zile, na kwamba tumelinyamazia hilo muda mrefu. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitushika mkono, akasema, "Mchungaji, hiyo sala imenisumbua." Tukamwambia imetusumbua hata sisi. Akakaa nasi kwenye benchi karibu saa nzima, akatusimulia mambo aliyoyasikia kwa babu yake, ambayo hajawahi kuyasema kanisani.

Mpendwa msomaji, huenda nyumbani kwako yupo kijana anayeuliza swali linalokuogopesha. Usiwahi kumwona kama mpotevu. Mungu mwenyewe aliagiza mawe yawekwe ili watoto waulize. Sisi tulikuwa tumezoea kuyaona maswali ya vijana kama mlango wa kutokea kanisani, kumbe binti yetu alikuwa amesimama mlangoni akitusubiri tuingie naye.

Kipaimara ni Desemba. Bado anahudhuria mafundisho, na bado anauliza. Wiki iliyopita alitaka kujua kama likizo ijayo tunaweza kwenda Mlambalasi. Tumemwambia tutakwenda, Bwana akipenda, na gari likikubali.