Wahusika Bapa wa Risasi: Vita vya Bushiri Juu ya Meza

Katika Kiswahili neno risasi hubeba maana mbili ambazo lugha nyingi huzitenga. Ni yale madini mazito ya kijivu, na ni kile kitokacho katika mdomo wa bunduki. Mtu anayecheza vita kwa sanamu ndogo za askari hukutana na utata huo kila afunguapo kisanduku chake, kwani askari wake wa jadi walisubiwa kwa madini yale yale yaliyowaua watu ambao wao huwawakilisha. Siku hizi sanamu hizo aghalabu husubiwa kwa mchanganyiko wa bati, au hutengenezwa kwa plastiki, na urefu wake ni kama milimita 28 hivi. Lakini jina la zamani limebaki, na si jina baya.

Asili ya mchezo wenyewe ni Ujerumani, jambo ambalo si dogo kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mnamo 1812 Baron von Reisswitz alimtengenezea mfalme wa Prussia meza ya kuchezea vita. Mnamo 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa jeshi, aliutoa mchezo huo ukiwa na ramani, vipande, dadu na mwamuzi, na baada ya hapo ukatumiwa kufunzia maafisa. Huko Nuremberg nako, tangu karne ya 18, mafundi walikuwa wakisubu askari bapa: sanamu zilizochorwa pande mbili lakini zisizo na unene, kana kwamba zimekatwa katika karatasi. Mhakiki aliyelelewa na istilahi ya E. M. Forster kuhusu wahusika bapa na wahusika duara, iliyoenea tangu 1927, hawezi kuacha kutabasamu hapa. Kabla ya kuwa istilahi ya riwaya, ubapa ulikuwa bidhaa ya dukani. Kisha akaja H. G. Wells na kitabu chake Little Wars mwaka 1913, akidai kuwa vita vidogo vya sakafuni ni bora kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata vikubwa vilianza.

Tanzu la mchezo huu linalohusu ukoloni lilipata umbo lake maarufu katika kanuni za Larry Brom, The Sword and the Flame, zilizotolewa Marekani mwaka 1979. Humo karata nyekundu na nyeusi huamua ni kikosi kipi kisogee kwanza, hivyo hakuna jemadari mwenye hakika ya zamu yake. Ni kanuni zenye uchangamfu, na haingekuwa haki kuzilaumu kwa dhambi za tanzu zima. Hata hivyo, katika michezo mingi ya aina hii mna sarufi fulani iliyojificha. Kikosi cha Kizungu ndicho kiima cha sentensi. Wenyeji ni yambwa. Kikosi kinakwenda, kinavuka, kinaokoa, wenyeji wanatokea. Katika baadhi ya kanuni, hasa zile za mchezaji wa peke yake, upande wa wenyeji hauna mchezaji kabisa: dadu hurushwa, jedwali hutazamwa, na kundi la watu huibuka kichakani kama mvua isiyotabiriwa. Hapo hakuna mhusika wa aina yoyote, wala bapa wala duara. Kuna mandhari tu.

Ni kasoro hii iliyomvuta mezani mhadhiri mmoja wa fasihi wa Nairobi, mtu wa makamo ambaye wanafunzi wake humwita Mwalimu na ambaye nyanya yake mzaa mama alitoka Pangani. Alianza kwa udadisi, akaishia na meza ya futi 6 kwa 4 iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya mchanga, vichaka vya sifongo, na boma la vijiti. Mada aliyoichagua ilikuwa vita vya Mrima vya 1888 na 1889, ambavyo vitabu vingi vya historia huviita maasi ya Waarabu, jina ambalo watu wa Mrima wenyewe wasingelitambua. Kikwazo cha kwanza kilikuwa dukani. Katika orodha za wauzaji wa Uingereza, mtu aliyevaa kanzu na kilemba na kushika bunduki huuzwa katika pakiti ya wafanyabiashara wa utumwa. Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa Pangani, hawezi kununuliwa ila kwa jina hilo. Kweli, mashamba yale yalilimwa na watumwa, na heshima kwa shujaa isitufanye tulisahau hilo. Lakini pakiti humaliza hadithi kabla haijaanza: humpa mhusika kosa lake, kisha humpeleka vitani ili aadhibiwe.

Mwalimu alipaka rangi upya. Kila sanamu moja alitaka isimame badala ya watu 10, na hapo fasihi ikarudi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa hiyo ni sinekdoki tupu: sehemu ikiwakilisha kitu kizima. Tofauti ni kwamba msanii wa maneno hachagui sehemu kwa hesabu.

Pambano la kwanza alilolipanga lilikuwa la tarehe 8 Mei 1889. Hermann von Wissmann, kamishna wa serikali ya Ujerumani, alikuwa amefika na fedha zilizoidhinishwa na bunge lao, marki milioni 2, na jeshi lililoandikwa mbali: Wasudani wapatao 600 waliochukuliwa Misri, na Washangaan kutoka Mozambique ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Kambi ya Bushiri ilikuwa karibu na Bagamoyo, imezungushiwa boma. Mizinga ilipiga kwanza, kisha boma likavamiwa. Bushiri mwenyewe akaponyoka. Juu ya meza mambo yalikwenda kombo. Mizinga ilikosa shabaha raundi tatu mfululizo, Wasudani wakashindwa jaribio la ujasiri, na kabla ya saa tatu za usiku kamishna alikuwa anarudi pwani. Mwenzake Mwalimu, mhadhiri kijana aliyemshika Wissmann, akasema, "Haya, Mwalimu, tumeikomboa Mrima." Walicheka. Kisha hawakujua la kufanya.

Kule kutojua ndiko kiini cha mambo. Ushindi ule haukuwa na maana yoyote nje ya kingo za kitambaa. Meza haikuwa na forodha, na ugomvi mzima ulianza na forodha: kwa mkataba wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alikuwa ameikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50, na kampuni ikaanza kuishika mnamo Agosti 16 mwaka huo. Wala haikuwa na manowari za Wajerumani na Waingereza zilizoifunga bahari tangu Desemba 1888. Wala haikuwa na bei ya pembe. Kumpa Bushiri ushindi wa jioni moja katika vita ambavyo sababu zake zimeondolewa ni kumpa fidia isiyo na thamani. Kuna riwaya za kihistoria zinazofanya hivyo hivyo, na wahakiki wetu wamekuwa wapole mno kwazo.

Ikilinganishwa na hali hii, kazi ya Hemedi bin Abdallah el-Buhry hupata uzito mpya. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima ulitungwa na mtu wa Mrima karibu na wakati wa matukio yenyewe, mwaka wa 1307 wa Hijra ukiwa umo katika jina lake, na ulichapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1955. Umezoeleka kusomwa kama hati ya kihistoria iliyovishwa mizani, na mara nyingine mizani hiyo huonewa kama mzigo. Lakini mizani ni kanuni pia, na ni kanuni ya namna nyingine kabisa na ile ya meza. Inchi hupima umbali kati ya watu. Mizani hupima pumzi ya anayesimulia. Mtunzi wa utenzi hawezi kuwa juu ya boma akitazama pande zote mbili kwa pamoja kama ndege. Husimama mahali, na tunaijua chuki yake na upendo wake. Mchezaji wa meza ana upeo wa msimulizi maizi: anaona kilichojificha nyuma ya kichaka, anahesabu akiba ya adui, anajua ni nani aliye hai. Hakuna aliyekuwa na ujuzi huo Bagamoyo mwaka 1889.

Baada ya kuusoma tena utenzi huo, Mwalimu alibadili mchezo. Sanamu ziliondolewa machoni pa wachezaji. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alifanywa mwamuzi, meza ikawa yake peke yake, na wale wawili wakakaa vyumba mbalimbali wakipokea habari kwa vikaratasi: moshi umeonekana kaskazini; mjumbe hajarudi; wapagazi wamekataa kuvuka mto. Mbinu hii si ngeni, kwani mchezo wa Reisswitz ulikuwa na mwamuzi wake tangu mwanzo. Ila katika muktadha huu iliondoa umaizi, na kwa mara ya kwanza yule aliyemshika Bushiri alilazimika kuamini watu. Ilichukua juma zima kumaliza siku moja ya vita. Mwamuzi, ambaye alitarajiwa kuwa karani tu, aligundua kwamba yeye ndiye mtunzi, na akaanza kuchagua maneno ya vikaratasi vyake kwa uangalifu ambao tasnifu yake ingefaidika nao.

Mbinu hiyo nayo ilivunjika walipojaribu kurudi nyuma hadi Pangani, Agosti 1888. Emil von Zelewski, ajenti wa kampuni, aliingia mji ule katika siku za Idi ya kuchinja, wakati watu wa bara walikuwa wamefurika kwa sherehe, na manowari zikampa wanamaji wa kumsaidia. Habari ya msikiti kuingiwa na mbwa imebaki hadi leo. Ni nani wa kuusogeza umati huo? Jonathon Glassman, katika Feasts and Riot (1995), ameonyesha kwamba wakuu wa mji hawakuwa na hatamu za wale waliojaa mitaani. Mara nyingi wakuu walifuata. Bushiri hakuanzisha yale yaliyokuja kuitwa kwa jina lake. Basi katika mchezo yule aliyeshika upande wa mji alikaa na kikaratasi mkononi, akitoa amri zisizotekelezwa na mtu. Alilalamika kwamba hana la kucheza. Huenda hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote yaliyosemwa mezani pale.

Suala lililowasumbua zaidi, hata hivyo, lilikuwa la Wasudani. Katika kisanduku wamo upande wa Mjerumani, na rangi ya sare yao huwatambulisha hivyo. Lakini wengi wao walikuwa mabaki ya jeshi la Misri lililopoteza nchi kwa Mahdi. Walikuwa wameshindwa vita vyao kabla ya kununuliwa kwa vita vya wengine. Hapa Mwalimu aliona kuwa mfano wa sataranji, ambao ndio uliozaa michezo ya Prussia, haufai. Katika sataranji kete iliyoliwa hutoka nje na kufa. Katika bao haifi: huingia upande wa aliyeila na kupandwa katika mashimo yake, na huenda ikarudi kuishambulia nyumba ilikotoka. Ushindi wa Wajerumani pwani ulikwenda kwa mwendo wa bao, si wa sataranji, na waliposhinda waliendelea kuandika askari miongoni mwa walioshindwa. Kanuni ikaandikwa: sanamu iliyotekwa isiondolewe mezani, ibadili bwana. Mchezo ukawa mrefu zaidi na wenye huzuni zaidi. Mhadhiri kijana, ambaye mwanzoni alipenda kelele za dadu, alianza kuchelewa kufika.

Kuna waliowashutumu. Mwenzao mmoja wa idara aliuliza kama watu wazima hawakuona haya kuchezea vifo vya babu zao, na swali lake halistahili kupuuzwa kwa jibu jepesi kwamba hata tamthilia ni mchezo. Mwigizaji huazima mwili wake kwa aliyekufa. Mchezaji wa meza huazima mkono tu, tena ule wa kusukuma. Pambano la Desemba 1889 halikuwahi kupangwa. Baada ya kushambulia Mpwapwa mwezi Juni, na baada ya kushindwa pamoja na Wambunga mwezi Oktoba, Bushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba. Mwamuzi alipendekeza kwamba mchezo ufike hapo, kwa kuwa ndipo historia ilipofika. Mwalimu alikataa, bila ya kutoa hoja, na kwa mtu wa hoja kama yeye kimya hicho kilieleweka. Sanamu ya Bushiri imo katika droo ya meza yake ya kazi, imefungwa pamba.

Sasa wameanza kuchora ramani ya Mweli, ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui katika pwani ya Kenya, iliyotekwa na Waingereza chini ya Admirali Rawson mnamo Agosti 1895. Mada hii ina kejeli yake, kwani Mbaruk, aliposhindwa mwaka 1896, alivuka mpaka na kujisalimisha kwa gavana wa Wajerumani, naye gavana huyo alikuwa Wissmann yule yule. Milima imeshakatwa kwa sifongo, wapiganaji 40 wamepakwa rangi, na mwanafunzi wa uzamili amekubali tena kuwa mwamuzi kwa sharti kwamba vikaratasi vihifadhiwe. Mhadhiri kijana amesema atamshika Mbaruk. Mwalimu naye amesema atamshika Mbaruk. Hadi sasa hajapatikana wa kumshika Rawson.