Foto Tatu Mlangoni, Rubaya

Ukitoka Goma asubuhi, ukapita Sake na kupanda kuelekea Mushaki, utaona milima ya Masisi iko kijani, ng'ombe wanakula majani mpaka juu kabisa. Ni inchi ya maziwa na fromaji. Lakini ukikaribia Rubaya, rangi inabadilika. Kule Gakombe na Luwowo mlima umechunwa sawa vile mbuzi wa sikukuu, na watu wako juu yake wengi kama siafu, na mifuko ya koltani mabegani.

Ninakuandikia habari ya mwaka 2019, mbele ya M23 kuteka Rubaya mwisho wa Aprili 2024. Nilipanda kule na aparei ndogo ya foto, zawadi ya rafiki. Ndani yake kulikuwa fasi iliyoandikwa HDR, nami sikujua kazi yake.

Jirani ya pale nilipolala, mama mmoja aliniomba: "Pasta, utupige foto. Baba ya watoto yuko Walikale anachimba kasiterite. Huyu wa mwisho alimuacha tumboni, hajamuona hata siku moja."

Tulikuwa ndani tunakunywa chai. Mama akakaa mlangoni na mtoto magotini, nyuma yao mlima na anga jeupe la ukungu. Nikapiga. Tazama, sura zao nyeusi kama makaa! Mama akaangalia kioo cha aparei, akasema, "Pasta, sasa baba yao atajua ni nani?"

Jicho lako, msomaji, linaona giza la nyumba na mwanga wa nje pamoja. Aparei haina nguvu hiyo. Ikipima anga, uso unakuwa usiku. Ikipima uso, anga na mlima vinapotea katika weupe. Shida hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga bahari peke yake na mawingu peke yake, kisha akaviunganisha kwa mkono kwenye karatasi moja. Ile HDR inafanya karibu vilevile, lakini haraka: inapiga foto mbili au tatu mfululizo, moja yenye giza, moja ya katikati, moja yenye mwanga mwingi, halafu inachagua kila kipande mahali kinapoonekana vizuri. Simu nyingi za leo zinafanya hivyo bila kukuuliza.

Basi nikaiwasha, nikapiga ya pili. Uso wa mama ukatokea, hata maua ya kitenge. Lakini mtoto alikuwa amegeuka, naye akawa na vichwa viwili! Mimi nilicheka. Mama hakucheka. "Futa hiyo," akaniambia, nami nikaifuta mara moja.

Ndiyo ubaya wake. Kati ya foto ya kwanza na ya tatu mtu amekwisha kusogea. Asubuhi ile barabarani nilikuwa nimejaribu kwa wabebaji wa mifuko, nikiwa nimewaomba ruhusa. Mlima ulitoka safi, kila jiwe. Wao wakatoka kama moshi, unaona udongo kupitia migongo yao. Nilisikia haya kidogo. Koltani wanayobeba inatoa tantalamu, na tantalamu inaingia katika vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na aparei. Huenda hata ile yangu ilikuwa nayo. Tangu siku ile, mtu akitembea au akifanya kazi, HDR ninaizima.

Kwa foto ya tatu tulingoja mtoto alale. Mama akamfunga mgongoni, akaegemea mbao za mlango, akageuza bega ili uso wa mtoto uonekane. Aparei niliiweka juu ya bidoni, na mfuko wa maharagwe chini yake isitetemeke. "Usipumue, mama," nikasema. Akafunga midomo kabisa, kama mtu anayezama majini. Ilitoka vizuri: uso wake, uso wa mtoto, na nyuma yao mlima wote mpaka juu.

Nilitengenezesha mbili Goma. Moja ilipelekwa Walikale na dereva wa lori. Kisha baba akapiga simu. Mke wake alimjua, mtoto alimsifu sana, akasema amekamata paji la uso la babu yake. Halafu akauliza, "Ule mlima nyuma ni wa wapi? Mmehama?"