Mgeni Ndiye Aliyeuleta

Kanisani kwetu Butembo, aliyerudi salama kutoka safari ngumu hupewa dakika tano za ushuhuda. Katika dakika tano mtu husema Mungu ni mkubwa, watu wakapiga makofi, kwaya ikainuka. Nilisema hivyo, na nilimaanisha. Lakini yaliyobaki kooni yalikuwa mengi kuliko yaliyotoka, na mengine hayasemeki mbele ya kwaya.

Mimi ninauza mabegi: ya shule, ya safari, na pochi za akina mama. Butembo hatuna reli wala bandari, ila biashara tunayo. Kwa miaka mingi Wanande wa mji huu wamekwenda Dubai, Jakarta, Hong Kong na Guangzhou kutafuta mali. Kontena linashuka Mombasa, linavuka Kenya na Uganda kwa lori, linaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi, linapita Beni, kisha kilomita hamsini na kitu za mwisho hadi kwetu. Mwenye kontena zima ni tajiri. Sisi wengine tunagawana moja: huyu vitenge, yule sufuria, mimi mabegi yangu kwenye pembe iliyobaki. Mtaji wangu ulitoka kwenye likirimba, akina mama wanaochanga kila mwezi na kumpa mmoja wao fungu lote kwa zamu. Kwa hiyo anayepanda ndege amebeba pesa za wenzake, na kila mmoja wao anajua tarehe yake ya kurudi.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi nchini, lakini wa kwanza kwetu. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umefika Butembo na Katwa.

Anayetaka kuelewa yaliyofuata aanze nyuma kidogo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Oicha, Mbau na Eringeti walikuwa wakichinjwa kwa mapanga na kupigwa risasi. Tuliandamana, tulizika, tulikimbiza watoto. Wanajeshi wa serikali walikuwepo, wa Umoja wa Mataifa walikuwepo, na mauaji yaliendelea. Kisha ukaja ugonjwa, na ghafla mji ukajaa magari, mahema, madaktari wa mataifa mengi na watu wanaolipwa kwa dola. Swali lilikuwa kwenye kila kibaraza: walikuwa wapi tulipochinjwa? Desemba tukaambiwa Beni na Butembo hatutapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na usalama. Tarehe 30 watu walipanga foleni hivyo hivyo, wakapiga kura yao ya mfano, mistari mirefu, kwa utulivu mkubwa kuliko uchaguzi wenyewe.

Baada ya hapo sokoni hapakuwa na mjadala tena. Ugonjwa umeletwa na wageni. Watu wa riposti, kama tulivyowaita waliokuja kupambana nao, wameuleta ili wapate kula. Februari 2019, ndani ya wiki moja, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili wenye silaha waliingia hospitalini mjini kwetu wakamuua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Alikuwa ametoka mbali kuja kututibu.

Shangazi yangu alifariki katika miezi hiyo. Kwetu marehemu huoshwa na watu wake, hukaliwa matanga, hushikwa mkono mara ya mwisho. Safari hii tulisimama mbali na gari huku watu waliofunikwa kuanzia kichwani hadi vidoleni wakishusha sanduku. Mjomba alikuwa ameokota jiwe, nililiona. Kisha kijana mmoja wa ile timu ya mazishi, kabla ya kuvaa vazi lake, alitusogelea tumwone uso, akatusalimu kwa Kinande, akaulizia ukoo wetu, akauliza marehemu alipenda kitenge gani tukilete kiwekwe ndani. Mama alikimbia kukileta. Mjomba aliliachia jiwe likaanguka, akaomba dawa ya kunawia mikono. Sijaona hotuba ya redio iliyofanya kazi kama swali lile la kitenge.

Sasa Guangzhou. Niliondoka mapema Januari 2020, Ebola ikiwa bado haijatangazwa kwisha. Kasindi kunawa na kipima joto kwenye paji la uso, ng'ambo ya mpaka Mpondwe tena, Entebbe tena, Addis Ababa tena. Pasipoti ya Kongo ilitosha kumfanya ofisa anyooshe mkono kunipokea hati na papo hapo aurudishe nyuma. Nilikuwa nimezoea. Mimi ndiye niliyekuwa natoka kwenye ugonjwa.

Wafanyabiashara wa kwetu hufikia Xiaobei, mtaa ambako unaweza kusikia Kilingala, Kibambara, Kiarabu na Kiigbo kabla hujafika kona. Chumba kimoja ghorofani kina mama wa Kinshasa anayepika bugali, sombe na makayabu kwa wanaojua mlango wake. Mabegi niliyanunua upande wa Sanyuanli, kwa mama mmoja ambaye kwa miaka tulizungumza naye kwa kikokotoo tu. Yeye anaandika bei, mimi nafuta, naandika yangu, yeye anashika kifua kama aliyechomwa kisu, tunacheka, anamimina chai kwenye vikombe vidogo vya kumezwa mara moja. Hapendi kushikana mikono, na mimi niliyetoka Butembo nilikuwa nimeacha kushika mtu zamani. Tulikutana katika hilo bila kupanga.

Nilikuwa nimelipa amana. Tarehe 23 Januari mji wa Wuhan ulifungwa kwa sababu ya korona, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Wachina, na viwanda vilivyokwenda likizo havikurudi kwa wakati. Kuondoka bila mali ni kuacha pesa za likirimba huko. Nikabaki. Waliponieleza kujitenga siku 14, niliona kama wamenipunguzia bei. Kwetu kwa Ebola tulihesabu 21. Nilikuwa najua kunawa, najua kusimama mbali, najua kutomgusa mtu anayelia. Wenzangu wa Afrika Magharibi wakaanza kunitania kwamba mimi ni daktari wa nyumba.

Mwezi wa Machi kiwanda kilifunguliwa, na mwezi huohuo Kongo ikazuia ndege za abiria. Kwa hiyo mabegi yalikuwa yanashonwa nami sina njia ya kurudi.

Katika majuma hayo ndipo mama wa mabegi na mimi tulipoanza kuzungumza kweli, kupitia programu ya simu inayotafsiri. Kumbe kwao ni Hubei, jimbo la Wuhan. Mama yake alikuwa amefariki huko Februari, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Hapo Guangzhou, jirani zake waliposikia anatoka Hubei walimkwepa kwenye lifti. Tarehe 4 Aprili, siku ambayo Wachina huwakumbuka wafu wao, nchi nzima ilisimama saa nne asubuhi kwa dakika tatu; magari yote yalipiga honi, ving'ora vikalia. Jioni alinitumia picha ya ndoo ya bati yenye karatasi zinazoungua kwa ajili ya mama yake. Nilimweleza habari ya kitenge cha shangazi. Alijibu baada ya muda mrefu, akiuliza kilikuwa na rangi gani.

Siku chache baadaye ikawa zamu yetu. Habari zilienea kwamba Wanigeria kadhaa wamekutwa na virusi mtaani, na kila mtu mweusi akawa mshukiwa, hata aliyekwishapimwa, hata ambaye hakutoka chumbani. Mwenye nyumba yangu alikuja usiku na watu wengine wawili. Sikuwa na deni. Nilipewa muda wa kukunja nguo. Hoteli ya kwanza ilinikataa, ya pili ikanikataa kabla sijafungua mdomo, na kwenye duka la chakula mlinzi aliweka mkono wake hewani mbele ya kifua changu. Nililala chini ya daraja la barabara pamoja na dada mmoja wa Lubumbashi na mzee wa Mali aliyetupa sisi kadibodi yake, akakaa wima hadi alfajiri akivuta tasbihi. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Kilichonitesa zaidi ni kutafuta mahali pa haja.

Asubuhi kijana mmoja alipita, akatuona, akasogea hatua kadhaa, akazungumza kwenye simu yake na kutunyooshea. Ikatoka sauti ya mashine: nyinyi ndio mmeuleta. Dada wa Lubumbashi alimjibu kwa matusi ambayo kwa bahati simu haikuyakamata. Mimi nilikaa kimya, maana maneno yale niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia kwa Kinande na kwa Kiswahili, kutoka kwa watu wema, wengine wamevaa nguo za msiba. Kijana mwenyewe alikuwa anatetemeka. Ugonjwa ulioanzia kwao, mimi mtu wa Butembo nimeuletaje? Lakini swali kama hilo hata daktari Mouzoko angeweza kutuuliza.

Mama wa mabegi alikuja kwa pikipiki yake ya umeme, barakoa mbili usoni, na chombo cha uji wa mchele wenye mayai. Kunipeleka kwake hakuweza. Walinzi wa jengo lake wasingefungua. Hakuficha hilo wala hakuomba radhi sana. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, umbali wa mita mbili, mpaka tukamaliza kula sote watatu, na wapita njia wakamtazama yeye zaidi kuliko sisi. Alirudi siku iliyofuata. Wakati huo mabalozi wa nchi za Afrika walikuwa wameandika barua ya kulalamika na Umoja wa Afrika umemwita balozi wa China. Sisi chini ya daraja tulijua tu kwamba gari limekuja, tumepimwa, tumepelekwa karantini hotelini. Waliotuletea chakula mlangoni walikuwa wamefunikwa mwili mzima, wameandika majina yao mgongoni kwa kalamu, kama wale wa vituo vya kwetu. Sikuwa na virusi. Gharama nililipa mwenyewe, kwa pesa zisizo zangu.

Ebola ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, nikiwa huko bado. Ilikuwa imeua watu 2,287. Niliisoma habari hiyo kwenye simu peke yangu, nikatamani mtu wa kupiga naye kelele.

Kongo ilifungua tena anga tarehe 15 Agosti. Kinshasa, Goma, kisha ndege ndogo hadi uwanja wa Mavivi nje ya Beni. Barabarani wanajeshi, na familia zinazotembea na magodoro kichwani, zikitoka vijiji ninavyovijua kwa majina. Butembo, jirani yangu alisimama ng'ambo ya mtaro na kuwaita watoto wake ndani. Katoka China, alisema, kwa sauti ya kunihurumia kabisa. Nilikaa ndani siku 21. Kumi na nne sikuziamini.

Akina mama wa likirimba walikuwa wameendelea kunichangia fungu langu miezi yote ile, ili jina langu lisitoke. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Waliniletea daftari nione deni, na tukapanga malipo.

Mabegi yalifika baada ya shule kufunguliwa tarehe 12 Oktoba, wazazi wameshanunua au hawana kitu. Ya shule niliyauza chini ya bei ya kununulia. Yaliyokwisha haraka ni yale makubwa ya safari, na hasa Beni, ambako familia nyingi huweka nguo na vyeti vya watoto vimefungwa tayari karibu na mlango. Mama wa mabegi alipouliza nitaagiza nini tena, nilimwandikia: makubwa, zipu imara, mikanda miwili ya kubebea mgongoni, rangi nyeusi tupu. Alishangaa kwa nini si nyekundu, kwa kuwa nyekundu huuzika kila mahali. Nilimweleza, akapunguza bei kabla sijafuta.